Naomba ushauri: watoto wa wateja bandani Sabasaba

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wenu, hasa mliowahi kuuza kwenye maonesho.

Nauza batiki na vitenge. Banda langu ni mita 3 kwa 3, na Julai 7 familia zinafurika pale viwanjani Barabara ya Kilwa. Mama ameshaikunjua batiki, anaipima kiunoni, mara mtoto anamvuta gauni: "Mama twendeee!" Basi, anairudisha na kuondoka. Inaniuma, maana alishaipenda.

Nimejaribu pipi, vidole vya sukari vikaishia kwenye batiki nyeupe. Maputo yaliisha saa nne asubuhi, waliokosa wakalia. Kalamu za rangi na karatasi zilifaa zaidi, walitulia hata dakika kumi, ila mmoja akahamia kwenye kitenge. Nilimhurumia mama yake kuliko kitambaa, alivyoona aibu.

Sasa nawaza kutandika mkeka pembeni. Je, niweke mchezo gani kwa watoto wa miaka 3 hadi 8, usiochafua wala kupiga kelele? Na mzazi akiniachia mtoto akaenda mabanda mengine, nimwambieje bila kumuudhi?

Asanteni sana.