Wasifu wa Edward Saidi Tingatinga: tuandike yote au tuyafunike mengine?

Ndugu wasomaji, naleta kwenu hoja ambayo imekuwa ikirudi kila wapenzi wa uchoraji wanapokutana. Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba maisha ya Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufariki Dar es Salaam mwaka 1972, yanapaswa kuandikwa kwa kumtukuza tu: kijana maskini kutoka kusini aliyekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja mjini akawa mtumishi wa nyumbani, kisha akashika brashi bila kufundishwa na mtu na kuliachia taifa sanaa yenye jina lake. Wanasema kwamba ukiingiza habari za biashara, za kuiga wengine na za namna alivyokufa, unamvunjia heshima marehemu na kuwapa wageni sababu ya kuidharau kazi yetu. Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini sikubaliani nao hata kidogo.

Tuanze na hilo la biashara, kwa kuwa ndilo linalowaudhi wengi. Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya masonaiti, yaani zile mbao nyembamba za kupigia dari. Picha zake nyingi ni za mraba, futi mbili kwa mbili, na fundi yeyote wa dari atakuambia sababu: ubao mzima una futi nne kwa nane, ukiukata hivyo unapata vipande vinane na hakuna kinachobaki. Ndani ya mraba huo aliweka mara nyingi mnyama mmoja tu, mkubwa, aliyejaa kutoka ukingo hadi ukingo, na nyuma yake rangi moja tulivu isiyo na mlima wala machweo. Picha hizo ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, mahali ambapo wageni walikuwa wakija kununua mahitaji yao. Basi mwandishi akificha kwamba mtu huyu alikuwa akihesabu shilingi, atawezaje kueleza ukubwa wa picha, aina ya rangi, wepesi wa mstari, na hata uchaguzi wa wanyama? Umaskini wake haukuwa kando ya sanaa yake. Uliingia ndani ya ubao wenyewe, na jinsi alivyoutawala ndiko kunakonifanya nimwite mchoraji mkubwa.

Kuhusu kuiga, mambo ni magumu zaidi. Wako wanaosimulia kwamba alizitazama picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam miaka ile, akaona kwamba naye anaweza. Wako wanaosema chimbuko ni michoro ya kuta za nyumba za Wamakua, kabila la kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Kila upande unamvutia kwake, na hata majina yake mawili ya kwanza, moja la Wakristo na jingine la Waislamu, yanakataa kumweka kwenye kapu moja. Mimi nadhani mwandishi mwaminifu angeyaweka masimulizi haya yote mezani, aseme lipi linatoka kwa nani na limesemwa lini, kisha atoe uamuzi wake waziwazi. Kutazama kazi ya jirani si wizi. Hakuna mchoraji aliyeanza na macho matupu.

Hapa namkumbuka mchoraji mwingine wa ukanda wetu, Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi. Yeye aliichora historia ya Kongo, pamoja na Lumumba, katika picha zaidi ya 100 alizompa mwanaanthropolojia Johannes Fabian katika miaka ya 1970, na alizieleza kwa Kiswahili cha Katanga huku maneno yake yakirekodiwa. Tshibumba naye alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini sauti yake imebaki, na msomaji anaweza kubishana naye yeye mwenyewe. Tingatinga alichora kwa miaka minne tu, na leo tunamsikia kwa vinywa vya wengine: mjane, ndugu, wanafunzi, wanunuzi na watafiti, kila mmoja akiwa na chake cha kulinda. Ndiyo maana kumbukumbu za waliokuwa karibu naye zinapaswa kukusanywa kwa Kiswahili, kwa maneno yao wenyewe, badala ya kuzingoja zirudi kwetu zikiwa zimepita katika lugha nyingine.

Sasa kifo. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Katika maelezo mengi yanayouzwa pamoja na picha, jambo hili hupewa mstari mmoja, na mstari huo huanza na maneno "kwa bahati mbaya". Nimesimama mbele ya kibanda na kumsikia kijana akimsimulia mtalii habari za chui na tembo kwa dakika nzima, kisha akafika kwenye kifo na kusema tu kwamba mzee alifariki mapema. Simlaumu, maana yuko kazini. Lakini mwandishi wa wasifu hana udhuru huo. Anapaswa kuuliza nani alikuwa naye usiku ule, mkewe aliambiwa nini na nani, watoto walilelewa vipi. Nakubali kwamba familia ina haki ya kusikilizwa kwanza na kuyahifadhi mambo ya chumbani. Kifo kilichotokana na risasi ya dola, hata kama ni kwa makosa, si jambo la chumbani.

Lipo pia suala la waliomfuata. Ndugu na vijana aliowafundisha waliendeleza kazi, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wenye jina lake. Picha zenye Kilimanjaro, umati wa wanyama na vijiji vyenye watu wengi, ambazo wageni huziita tingatinga, kwa sehemu kubwa ni ubunifu wa hao waliokuja baadaye, na sahihi yake yenyewe imeghushiwa mara nyingi. Wasifu unaomfanya kuwa chanzo cha kila kitu unawanyang'anya wanafunzi wake jasho lao na kuwarahisishia kazi walaghai.

Anayenipinga namwomba jambo moja. Asiniambie tu kwamba tumheshimu marehemu. Aiandike hapa sentensi ambayo angependa watoto wa shule waisome kuhusu siku aliyokufa Tingatinga, tuitazame pamoja neno kwa neno.