"Sukari" imetokana na "sugar"? Naomba msaada kabla ya kipindi cha kesho

Ticha wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili. Leo kwenye maneno ya mkopo nimetaja "sukari" kuwa ni ya Kiarabu. Kijana mmoja kanyoosha mkono: "Mwalimu, si imetoka kwenye 'sugar' ya Waingereza? Mbona zinafanana?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Ukweli nilikwama. Hilo neno la Kiingereza nalifuatiliaje hadi kwenye shina?

Binti Chumvini: Ticha, anza na sikio. Mwingereza pale hatamki "s", anatamka "sh". Tulipolikopa kweli neno lake tulipata "shuga". Muulize kijana kuhusu shuga mami (au usimuulize, kipindi kitaharibika). Ile "k" ya sukari ni ya Kiarabu, sukkar.

Mzee Kamusi: Binti kamaliza upande wetu. Kwa Kiingereza, rudi nyuma hatua moja moja, usiruke. Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha kale, sucre, nacho kililipata kwa Kilatini cha Zama za Kati, succarum. Nyuma yake ndiyo hiyo sukkar. Waarabu ndio waliopanda miwa Sicily (kisiwa cha Italia) na Andalusia (kusini mwa Hispania), basi jina likaenda na mali. Mhispania yeye anasema azúcar: ile "a" ya mwanzo ni mabaki ya "al" ya Kiarabu, kaimeza nzima nzima. Kabla ya Kiarabu kuna Kiajemi, shakar, na kabla yake Kisanskriti (lugha ya kale ya India), sharkara, ambayo maana yake ya awali ni changarawe. Zishike punje za sukari utaelewa. Kwa hiyo sugar na sukari zote zimepita kwa Mwarabu. Hakuna iliyomzaa mwenzake.

Mangi Dukani: Na sukari guru je? Nimeona paketi imeandikwa "jaggery".

Mzee Kamusi: Hapo ndipo penye utamu! Jaggery ni sharkara ile ile, ila ilipitia lugha za kusini mwa India, Wareno wakaiita jágara, Waingereza wakadaka. Yaani wamekopa neno moja mara mbili bila kujijua. "Guru" yetu ni ukoo mwingine, gur ya Kihindi.

Ticha wa Zamu: Ahsanteni sana. Kesho naingia na kijiko cha sukari na kiganja cha changarawe. Shuga mami nitaitaja kwa sauti ndogo, mkuu wa shule huwa anapita dirishani.