Ukuta umeota ukungu, Jik nimepiga mara tatu unarudi tu

mama_wawili_TA
Jamani habari zenu. Nimepanga Tanga, Ngamiani huku kwenye barabara za namba, chumba na sebule, nyumba ya zamani. Tangu masika ianze ukuta wa nyuma ya kabati umejaa madoa meusi, juzi nafungua nitoe baibui la kwendea maulidi nalikuta limefanya ukungu mgongo mzima, viatu vya ngozi vya baba watoto ndo usiseme, vya kijani kama mkate uliosahaulika. Nikifuta na Jik panang'aa siku nne tano kisha yaleyale. Halafu chini karibu na sakafu kuna unga mweupe na rangi inabanduka. Mwanangu mdogo ana pumu, usiku anakohoa mpaka naamka nimkalie. Mwenye nyumba anasema kosa langu nafungia madirisha, mi nasema ukuta wake mbovu. Nani mkweli hapo?

babu_raskazone
Tanga waja leo waondoka leo, ila ukungu ukija huo ndo mwenyeji 😂😂 choma udi shoga, harufu itaisha

fundi_wa_chokaa
Babu wee udi unafunika uvundo tu, na moshi kwa mtoto wa pumu ndo unamuongezea. Dada sikiliza, hapo una vitu viwili usivichanganye. Huo unga mweupe wa chini sio ukungu, ni chumvi. Upulizie maji kidogo, ukiyeyuka ndo chumvi, ukungu hauyeyuki. Inatoka ardhini maji yanapanda na ukuta maana nyumba nyingi za zamani hazina nailoni chini ya ukuta, au waliopiga plasta walichota mchanga wa baharini bila kuuosha, mchezo huo kwetu pwani upo sana. Sasa hayo meusi ya nyuma ya kabati yanaweza kuwa ni hewa tu imekosa pa kupita. Ili ujue, kata kipande cha nailoni kama sahani, ukibandike ukutani na solotepu pande zote nne usiache upenyo, kaa nacho siku mbili. Maji yakiwa upande wa chumbani ujue ni unyevu wa ndani, yakiwa nyuma ya nailoni ukuta wenyewe umelowa na hapo hata umwage Jik dumu zima unajichosha.
Na swali, huo ukuta umepakwa rangi gani?

mama_wawili_TA
Rangi ya mafuta, kapaka mwaka jana kabla hatujaingia, ilikuwa inameremeta hiyo

fundi_wa_chokaa
Nilijua tu. Zile nyumba wazee walijenga kwa mawe na chokaa, ukuta unalowa unakauka, unapumua. Anakuja mtu anaupiga saruji na rangi ya mafuta juu, maji yakikosa pa kutokea yanapanda zaidi. Dawa yake kubandua plasta iliyooza, kuacha ukuta ukauke sawasawa, kisha plasta ya chokaa na kupaka chokaa, na chokaa yenyewe ukungu hauipendi. Ila hiyo kazi ya mwenye nyumba sio yako.

nesi_mstaafu
Mwanangu kwenye Jik hapo, usije ukaichanganya na siki wala dawa ya choo ile kali, inatoka gesi inayochoma mapafu, na wewe una mgonjwa wa pumu ndani. Usisugue pakavu pia, lile vumbi ndo linaloruka. Lowesha kwanza, sugua kwa maji na sabuni, vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, na mtoto awe kwa jirani mpaka pakauke. Na hicho kikohozi cha usiku usikae nacho nyumbani, mpeleke wamuangalie.

chumbageni_boy
afu wale wanaoanika nguo ndani mvua ikinyesha... 🙄

mama_wawili_TA
@chumbageni_boy unifumanie basi 😅 ni kweli naanika sebuleni, sare za shule zitakaukia wapi na mvua hii.
Mrejesho: nailoni nimebandika mbili. Ya nyuma ya kabati imetoa umande mbele, ya chini karibu na sakafu imelowa kwa nyuma chapachapa. Kumbe wote wawili wakweli. Kabati nimelisogeza likae mbali na ukuta kama shubiri, nguo na viatu nimetoa juani kila jua likichomoza, kamba nimehamishia barazani. Mtoto tumempeleka, kapewa dawa ya kuvuta, na kwa sasa analala sebuleni na sisi. Mwenye nyumba nimemwita kaona nailoni kwa macho yake, kakuna kichwa, kasema tusubiri masika iishe. Kodi ya miezi sita alivyoitaka mbona hakusubiri?

fundi_wa_chokaa
Kwa hilo masika kuisha ana haki, ukuta haukauki na mvua. Ila mwambie akate kwenye kodi, na muandikishiane leo leo.