Vigezo na masharti kuzingatiwa: nimeuziwa bei ya umeme, kumbe ndani yake kuna mita

Wakuu kwema. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu. Nimekereka, na sitaandika kwa adabu ya barua ya kuomba kazi.

Niko Leeds, mwaka wa 6 huu. Nyumba ya kupanga, zile za matofali mekundu zilizoshikana mtaa mzima, za enzi za Malkia Victoria. Mwezi wa 3 mkataba wangu wa umeme na gesi ulikuwa unaisha. Kwa mlioko nyumbani: huku hakuna shirika moja la umeme. Nyaya zina wenyewe, ila anayekuuzia na kukutumia bili unamchagua wewe, na wako wengi, kila mmoja na bei zake. Ukikaa bila kuchagua unaangukia bei ya kawaida, ile ambayo Ofgem (msimamizi wa nishati, ndiyo EWURA yao) inaiwekea ukomo na kuupanga upya kila miezi mitatu. Ukitaka kulala usingizi unachukua bei ya kufunga mwaka mzima. Dunia ipande ishuke, uniti yako ni ileile.

Nikaingia kwenye tovuti ya kulinganisha, nikapata ya mwaka mmoja. Ukurasa ule ulinionyesha vitu vinne. Bei ya uniti. Ada ya kila siku, ambayo unalipa hata ukisafiri ukazima kila kitu mpaka friji, na hiyo siku nyingine tutaifungulia uzi wake. Ada ya kuvunja mkataba, pauni 50 kwa umeme na 50 kwa gesi. Na makadirio ya mwaka. Nikapiga hesabu, naokoa kama pauni 11 kwa mwezi. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba ya huku na kutuma hela nyumbani, pauni 11 si za kuchezea. Nikabonyeza.

Wiki ya tatu ikaingia meseji: panga miadi ya kufungiwa mita janja (smart meter, ile inayotuma usomaji yenyewe). Nikajua ni matangazo, maana hizo wanatuma kama salamu za Idi. Ikaja ya pili, nikaipuuza. Ya tatu ikaja kwa imeili na sauti imebadilika: nisipopanga miadi ndani ya siku 28 nitakuwa nimekiuka mkataba na watanihamishia kwenye bei ya kawaida.

Nimekiuka kitu gani? Nikaanza kufukua. Mkataba wenyewe kurasa 23. Mambo ya bei yapo ukurasa wa 2, nikayasoma tena neno kwa neno, hakuna mita. Makato ya benki, hakuna. Ukihama nyumba, hakuna. Ukurasa wa 17, chini ya kichwa kinachohusu vifaa vyao na namna watakavyoingia nyumbani kwako, aya ya nne, sentensi ya pili: kwa kuchagua mpango huu nimekubali kufungiwa mita janja, na isipofungwa wanaweza kunitoa kwenye bei hii.

Someni tena hapo. Sentensi inayoamua bei yangu imefichwa kwenye habari za fundi kuingia ndani na mbwa afungwe. Ni sawa na kwenda buchani, unauziwa steki kwa bei poa, unakula, wiki tatu baadaye muuza nyama anakugongea mlango kabeba friji. Anasema ile bei ilikuwa ya watu wenye friji lake, aidha akufungie au umwongeze hela.

Kule nyumbani tunamcheka yule jamaa wa tangazo la redio anayemalizia "vigezo na masharti kuzingatiwa" kwa kasi ya dalali. Jamani, yule ni muungwana. Angalau anakwambia vipo!

Sasa tuelewane, kwa sababu najua wachangiaji wa humu. Mimi sipingi mita janja. Na sheria ya hapa iko wazi: kwa mteja wa nyumbani ni hiari, hakuna anayeweza kukulazimisha. Anayebanwa ni muuzaji. Leseni yake inamwekea wajibu wa kuzifunga, akishindwa Ofgem inamkaba, na wapo walioshalipishwa mamilioni ya pauni. Lengo la awali lilikuwa mpaka mwisho wa 2020 kila kaya iwe imeshapewa nafasi ya kufungiwa. 2020 ikapita, wakasogeza, wakasogeza tena. Basi huyu aliyekabwa kooni anatafuta pa kupumulia. Kukulazimisha hawezi, kwa hiyo anakuwekea bei tamu kwenye ndoana.

Na ndoana yenyewe, niseme ukweli, inaruhusiwa. Kampuni inaweza kuwa na bei ya wenye mita janja peke yao. Wenye magari ya umeme wana bei za usiku, uniti inashuka sana wanapochaji wamelala, na bei hiyo haiwezekani bila mita inayosoma kila nusu saa. Sina ugomvi nayo. Lakini bei yangu mimi haina usiku wala mchana, ni uniti moja saa zote! Mita ya zamani naisoma kwa tochi, natuma namba, wanapata kila wanachohitaji. Kama wanataka sharti la mita kwenye bei kama hii, sawa, waliandike palepale penye bei, kwa herufi za ukubwa uleule, kabla sijabonyeza. Sheria ya haki za walaji ya 2015 inataka masharti ya mkataba yawe wazi na yaeleweke. Ukurasa wa 17 ni wazi kwa nani?

Hayo yote ningeyameza. Nilishayameza kwa kweli. Nikapanga miadi, nikaomba ruhusa kazini, siku nzima bila malipo, maana fundi wanakupa "kati ya saa 2 asubuhi na saa 7 mchana" kama basi la mkoani.

Fundi akaja. Kijana mstaarabu, alivua viatu bila kuambiwa. Nyumba hizi mita ziko chini, kwenye kile chumba cha chini ya ardhi walichokuwa wanawekea makaa ya mawe zamani. Akashuka na kifaa chake. Dakika kumi kimya. Akapanda.

"Chini kule hakuna mawasiliano kabisa."

Akanieleza vizuri kuliko kampuni nzima ilivyowahi kunieleza. Katikati na kusini mwa Uingereza mita hizi zinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Huku kaskazini na Scotland wanatumia redio ya masafa marefu. Halafu ndani ya nyumba kuna mawimbi mengine madogo, ndiyo yanayounganisha mita ya umeme, mita ya gesi na kile kiskrini cha kuweka jikoni. Mita ikiwa shimoni, ukuta wa mawe unene wa mkono mzima, inakuwa kama simu ndani ya sufuria lenye mfuniko. Na juu ya hilo, ubao wa kizamani uliobeba mita yangu anaushuku una asbesto (zile nyuzi ambazo vumbi lake ni hatari kwa mapafu). Haruhusiwi kuutoboa mpaka upimwe, na anayetakiwa kuushughulikia ni mwenye nyumba.

Akajaza karatasi kwamba kazi haikuwezekana, akaniachia nakala, akaaga. Mimi nikajua yamekwisha. Walitaka nikubali kufungiwa, nimekubali. Mlango nimefungua. Chai nilimkaribisha, alikataa mwenyewe.

Siku 19 baadaye, barua. Kwa kuwa mita janja haijafungwa kwenye anwani yangu, wamenihamishia bei ya kawaida kuanzia tarehe fulani. Asante kwa kuwa mteja wetu.

WAKUU. Wao ndio walioshindwa kufunga! Mimi sikukataa!

Nikapiga simu. Dakika 47 nasikiliza filimbi. Akapokea dada mmoja, sauti nzuri, na sina ugomvi naye, ameajiriwa kama mimi.

"Mfumo unaonyesha miadi haikukamilika."

"Haikukamilishwa na nani?"

"Mfumo hauonyeshi."

"Fundi wenu kaandika karatasi, ninayo hapa mkononi."

"Naelewa usumbufu ulioupata."

Nikamwambia basi naondoka, natafuta muuzaji mwingine. Akabonyezabonyeza, akasema nikiondoka kabla ya mwaka kuna ada ya pauni 100. Nikamuuliza, dada yangu, si mmeshanitoa wenyewe kwenye huo mkataba? Nadaiwaje ada ya kutoka mahali ambapo nimeshatupwa nje? Kimya. Filimbi ikarudi. Ya pili hiyo ilichukua dakika 12, akarejea akasema ada haipo, ilikuwa makosa. Nisingeuliza je?

Kuna watakaosema wewe umekulia Tabata kwenye LUKU, mita ya kulipia kabla, leo unaogopa mita? LUKU inauma lakini inauma mbele: hela ikiisha, giza, unajua. Hata ile ya 2024, kuboresha mita kabla ya tarehe 24 Novemba, mama alinipigia simu tukaingiza tarakimu 20 mara tatu, yeye anabonyeza mimi namsomea kutoka huku, tunakosea tunaanza upya. Ilikuwa kero. Lakini ilitangazwa, kila mtu mtaani alijua. Hakuna aliyekwenda kuichimbia kwenye ukurasa wa 17 wa kitu alichosaini kwa ajili ya jambo jingine.

Na huku watu wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Mita janja inaweza kugeuzwa kwa mbali ikawa ya kulipia kabla, bila mtu kugusa kitasa chako. Mwanzoni mwa 2023 ilibainika watu wenye madeni, wakiwemo wagonjwa na wenye watoto wadogo, wanabadilishiwa kwa nguvu, mahakama zinatoa vibali kwa mafungu, mpaka Ofgem ikasimamisha. Sasa kuna masharti makali zaidi, sawa. Ila aliyeona yale humwambii "niamini tu".

Halafu hata ingefungwa! Takwimu za serikali yenyewe: mwishoni mwa 2023, kati ya mita janja kama milioni 35, karibu milioni 4 zilikuwa hazitumi usomaji zenyewe. Watu wanashuka kuzisoma kwa macho kama mimi. Ujanja umebaki kwenye jina.

NYONGEZA, saa 3 usiku. Nimesoma michango, asanteni, hata wa matusi.

Mkuu uliyesema "si ungesoma mkataba": kurasa 23, Kiingereza cha mawakili, na wewe umesoma wa simu yako? Kuna bi mkubwa mmoja wa Mombasa hapa mtaani, miaka 70 na ushee, mwanawe alimsajili kwa simu akiwa London. Siku ya fundi alimfungulia mlango, akamwacha afanye kazi yake. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, mie nilidhani ni wale wa maji." Kile kiskrini amekifunika kitambaa, anaona kinamtazama. Hakuna aliyemwambia kwamba zile taarifa za kila nusu saa unaweza kuzikataa, ukabaki na za siku tu. Nimemwambia mimi, na nitakwenda Jumamosi tukapige simu pamoja.

Kwa waliouliza cha kufanya. Ukishabonyeza una siku 14 za kujitoa bure, kwa hiyo soma mkataba ndani ya hizo hata kama ni kitandani. Tafuta kwenye faili lote neno mita, usiishie ukurasa wa bei. Piga picha ukurasa wa tovuti ya kulinganisha kabla hujabonyeza, mimi sikupiga na najuta. Mkataba ukibakiza siku 49 au pungufu kuisha, unahama bila ada. Malalamiko peleka kwa maandishi, uandike kabisa kwamba ni malalamiko rasmi, wasije wakayahesabu kuwa maoni. Wakikuzungusha wiki 8, au wakikuandikia kabla ya hapo kwamba wamefika mwisho, unakwenda kwa msuluhishi wa nishati. Ni bure kwa mteja, na uamuzi wake ukiukubali wewe, muuzaji hana ujanja.

Mwenye nyumba nimemwandikia kuhusu ubao wa asbesto. Kajibu kwa kidole gumba.

Malalamiko yangu nimeyapeleka, leo siku ya 12. Nimedai mambo mawili, wanirudishie bei yangu tangu siku waliyoitoa, na wanilipe ile siku ya kazi. La pili najua watalikwepa ila nimeliweka.

Ninachoomba kwenu mlioko Bradford, Sheffield, Newcastle, hata Glasgow: mwenye bei ya kufunga aangalie mkataba wake, akikuta sentensi ya mita aweke picha hapa, afute jina na namba ya akaunti. Nataka nione ni wangapi wameificha kwenye vifaa kama hawa wangu na wangapi wameiweka penye bei.

Na mkuu uliyeuliza kama karatasi ya fundi bado ninayo: ninayo, nimeipiga picha, nimemtumia na shemeji anihifadhie, maana simu yangu hii inazima inapotaka.