Ushauri: Nimeletewa hati ya simenti nisaini, na idadi si ile niliyoihesabu

Mwalimu wa Kata:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku wilayani, mjumbe wa kamati ya mapokezi kwenye ujenzi wa madarasa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta fundi, bila mkandarasi. Simenti iliyoingia ni mifuko 240. Niliihesabu mwenyewe ikishushwa, kila kumi napiga mstari wa mkaa ukutani. Hati niliyoletewa inasema 300. Wenzangu wameshasaini, nimebaki mimi.

Kinachonichanganya ni kwamba mkuu wa shule hajanificha. Kaniita ofisini, kasema pesa ya mifuko 60 imelipia lori la mchanga na maji, maana waliopanga bajeti hawakujua mto uko mbali kiasi hiki. "Hatuli mwalimu, tunafidia." Na si mtu wa makuu. Mke wangu alipozidiwa usiku, gari lake ndilo lililotupeleka hospitali. Ila siku hiyohiyo mhasibu kanipa bahasha ya elfu hamsini, eti posho ya kikao. Kikao chenyewe sikukiona.

Madarasa yanapanda kweli, watoto watakaa humo. Sasa mbona nafsi inanisuta? Nisaini yaishe? Matusi hapana tafadhali.

Bwana Shamba:
Saini ulale. Wakubwa wanapiga mabilioni, wewe unakesha kwa simenti!

Mama Kulwa:
Bwana Shamba, watu kama wewe ndio mmetuachia sakafu zinazochimbika kabla watoto hawajamaliza muhula. Mwalimu, bahasha imeshakujibu. Kama pesa imeenda kwenye mchanga, wewe unalipwa ya nini?

Stoo Kuu:
Nimetunza stoo ya serikali mpaka nastaafu, nisikilize. Nani mwizi, tuliache kwanza. Hati ya mapokezi haisemi pesa imetumika vizuri au vibaya. Inasema: mzigo huu nimeuona, ni kiasi hiki. Basi.

Mkaguzi akija anachukua ankara, hati yako, leja ya stoo na vocha za kutolea, anazipanga mezani anazilinganisha. Zikipishana anaitwa aliyesaini. Aliyemwambia asaini hayumo kwenye karatasi. Na lile lori la mchanga nalo halimo popote, kwa hiyo hata kama mkuu wako ni mkweli, kimaandishi ni mwizi. Unamsaidia nini hapo?

Njia halali ipo. Kamati ya ujenzi ikae, muhtasari uandikwe, mhandisi wa halmashauri athibitishe gharama za usafiri, mkuu apeleke dokezo kwa Mkurugenzi kuomba kibali cha kubadili matumizi. Inachosha, na fundi atanuna. Lakini mwombe aandike. Akianza kuzungukazunguka, utajua kama hilo lori lilikuwepo. Sisi ahadi ya TANU tuliikariri: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa."

Bwana Shamba:
Mzee wangu shikamoo, lakini waliokaririshwa hiyo ndio haohao wanaopiga.

Stoo Kuu:
Marahaba. Wapo. Na wapo waliostaafu wakalala usingizi.

Wakili wa Mtaani:
Nyongeza fupi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 22, inahusu kutumia nyaraka yenye maelezo ya uongo kumpotosha mwajiri. Utetezi wa "niliambiwa" usiutegemee. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapigiwa 113 bure, na sheria ya kuwalinda watoa taarifa ipo tangu 2015. Ila mimi ningeanza na mkuu mwenyewe.

Kipanga:
Niseme ambalo hamsemi. Mimi nilikataa kusaini, kituo kingine, jambo linalofanana. Haikupita muda barua ya uhamisho ikaja, mke na watoto wakabaki nyuma. Sijutii, lakini msimwambie mwalimu kwamba atapigiwa makofi. Aongee na mkewe kabla hajaongea na mkuu, maana mzigo wa kuhama ataubeba na yeye.

Na usimwaibishe mzee wa watu kikaoni. Mfuate faraghani, kwa heshima. Lile gari la usiku ni deni lako binafsi, siku akikwama msaidie kwa mfuko wako. Saini ya shule siyo mali yako ya kulipia fadhila.

Mwalimu wa Kata:
Asanteni sana. Nimeongea na mama watoto, kasema tutahamia hukohuko watakakotupeleka. Kisha nikamfuata mkuu. Nimemwambia naandika 240, na nikamwomba tuitishe kikao cha lori. Alikaa kimya, akasema atafikiri. Hajanitolea neno baya, lakini salamu ya asubuhi leo ilikuwa ya mkato.

Mama Kulwa:
Na bahasha?

Mwalimu wa Kata:
Nimemrudishia mhasibu. Nilimtaka asaini kwamba kapokea elfu hamsini. Amekataa kusaini, kasema hiyo pesa haipo kwenye vitabu.