Ushauri: mfululizo wa hadithi za anga kwa watoto wa P.5 hadi P.7, tuanzie wapi?

MwalimuMbale

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii. Klabu yetu ya kusoma hapa Mbale ina watoto wa P.5 hadi P.7, yaani darasa la tano hadi la saba. Vitabu vya Kiingereza vya safari za anga wanavigombania, hasa vile vya mfululizo ambavyo wahusika ni walewale kitabu baada ya kitabu. Upande wa Kiswahili rafu yetu ina vitabu vya mtihani tu, na mtoto hapendi lugha kwa sababu ya mtihani.

Tunataka kuandaa wenyewe vitabu sita vidogo. Tuko waandishi wawili na mchoraji mmoja, na fedha ni kidogo. Nini hasa huwashika watoto kwenye hadithi hizi? Kitabu kiwe na urefu gani? Sayansi iwe sahihi kiasi gani? Na tukifika Kampala kuchapa, tuangalie nini?

MhaririWatoto

Mwalimu, roketi na viumbe wa ajabu huvuta jicho kwenye jalada, basi. Mtoto humaliza kitabu cha kwanza na kuulizia cha pili kwa sababu mbili: watoto wenzake ndio wanaoamua mambo, na chombo chao amekwisha kukizoea kama nyumbani.

Nianze na hilo la kuamua. Katika hadithi za kawaida mwandishi hutaabika kuwaondoa watu wazima. Huwaua wazazi, au huwafanya wajinga. Angani umbali unaifanya kazi hiyo bila kumvunjia mzazi heshima. Ujumbe wa redio kutoka Mirihi hufika Duniani baada ya dakika 3 hadi 22, kutegemea sayari hizi mbili zilivyokaa, kisha jibu nalo lisafiri muda uleule. Moto ukizuka chomboni, mama yupo, anawapenda na anajibu, lakini jibu lake linaweza kuchukua dakika 44. Msomaji wa miaka kumi anaelewa mara moja kwamba lazima waamue sasa. Mwezini njia hii haifai, maana huko ujumbe hufika kwa sekunde 1.3 tu. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kikiwa Mwezini, watoto wawe bado wanaelekezwa na wakubwa, na uhuru uongezeke kadiri wanavyokwenda mbali. Wakifika sayari ya Zohali (Saturn), ujumbe wa kwenda tu unachukua zaidi ya saa moja. Hapo mfululizo mzima umepata ngazi yake ya kupanda.

Kuhusu chombo: kichoreni kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Vyumba visizidi saba, kila kimoja na kazi yake, na ramani ichapwe ndani ya jalada la kila kitabu. Kisha fungueni daftari la mfululizo: umri wa kila mtoto, nani ana ufunguo wa stoo, mlango wa dharura uko upande gani, chombo kina kilo ngapi za oksijeni. Waandishi wawili bila daftari hilo hupishana haraka sana. Mlango uliokuwa kushoto katika kitabu cha 1 unahamia kulia katika cha 3, na watoto huliona jambo hilo kabla ya mhariri yeyote.

Watoto wa chomboni wawe wanne. Majina yao yaanze kwa herufi tofauti na yasifanane kwa sauti. Akello na Okello ndani ya chombo kimoja ni mateso kwa msomaji mchanga, na vivyo hivyo Kato na Nakato. Mugisha, Akello, Wafula na Nabirye wanatofautiana hata ukisoma haraka.

AngaEntebbe

Nijibu la sayansi. Ruhusuni uzushi mmoja tu, nao uwe injini. Safari ya kweli ya Mirihi huchukua kama miezi saba, na chombo cha Cassini kilichorushwa mwaka 1997 kilifika Zohali mwaka 2004. Mkifuata hesabu hiyo, watoto wenu watafika wakiwa na ndevu. Wekeni sheria: injini yetu hufika Mirihi kwa siku 30. Kwa wastani Mirihi iko kilomita milioni 225 kutoka Duniani na Zohali bilioni 1.4, yaani mara sita hivi, kwa hiyo Zohali ni miezi sita. Iandikeni kwenye daftari na msiivunje kamwe. Sheria ikishavunjwa mara moja kumwokoa mhusika, mtoto hatishiki tena, kwa sababu ameona kwamba mwandishi anaweza kufanya lolote.

Mengine yote yawe ya kweli, kwa kuwa ukweli wa anga una hatari za kutosha. Mtu mmoja hutumia kama kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Watoto wanne ni kilo 3.36, hivyo tangi la kilo 10 linakwisha kwa siku tatu pungufu kidogo. Ipeni P.6 hesabu hiyo waifanye wenyewe katikati ya sura. Hofu itakuwa yao.

Lakini hapa waandishi wengi hukosea. Chumba kikifungwa, mara nyingi kinachotangulia kuua si kwisha kwa oksijeni, ni kujaa kwa kaboni dioksaidi mnayoitoa mkipumua. Mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 13, safari ya Marekani ya kwenda Mwezini, walikuwa na oksijeni ya kutosha katika chombo kidogo walichokimbilia baada ya kile kikubwa kuharibika, ila vichujio vya kaboni dioksaidi vilikuwa vinaishiwa nguvu. Vichujio vya akiba kutoka chombo kikubwa vilikuwa vya mraba, tundu la kuviingizia likawa la duara. Waliviunganisha kwa mifuko ya plastiki, karatasi ngumu, mpira wa vazi la anga na gundi ya utepe. Tatizo la namna hiyo ndilo mnalolitaka: kifaa kipo, hakiingii, muda unakwisha.

Feni nazo zina hadithi nzuri. Pasipo uvutano hewa ya moto haipandi, kwa hiyo pumzi unayoitoa hubaki imekuzunguka kichwa ukiwa umelala. Chombo lazima kiwe na feni zinazonguruma usiku na mchana. Watoto wetu wanajua umeme kukatika kulivyo: kelele zote zinazima pamoja. Ndani ya chombo, ukimya huo ndio king'ora. Nabirye aamke kwa sababu hasikii kitu.

Mambo madogo ya kupamba, yote ya kweli: machozi hayatiririki, hujikusanya kama tone kubwa juu ya jicho, mwali wa mshumaa huwa duara na bluu hafifu, Mwezini mtoto wa kilo 36 mizani ya bafuni itamwonyesha kilo 6, na Mirihi kama 14.

Ya kuepuka: mlio wa mlipuko kusikika nje ya chombo, mtu kupasuka au kuganda ghafla akiwa nje bila vazi (hupoteza fahamu ndani ya sekunde 15 hivi, inatosha kabisa kwa hadithi), na chombo kukwepa mawe kwa shida katikati ya ukanda wa asteroidi. Mawe hayo yako mbali mno. Vyombo hupita bila kugusa kitu. Mkitaka msongamano, pelekeni watoto kwenye pete za Zohali. Kule kuna vipande vya barafu kuanzia chembe ya vumbi hadi ukubwa wa nyumba.

MwalimuMbale

Asanteni sana, tayari tumefungua daftari. AngaEntebbe, roketi iondokee wapi? Watoto wanataka iondoke Uganda, na ikweta si inapita hapa kwetu Kayabwe?

AngaEntebbe

Inapita, na faida ni ya kweli: kwenye ikweta Dunia huzunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, na roketi ikirushwa upande huo huipata kasi hiyo bure. Shida ni kwamba hatua za roketi, yaani vipande vyake vyenye injini na mafuta, zikiishiwa mafuta hudondoka. Roketi ya Kayabwe ingedondosha mabaki yake juu ya watu wa Kenya. Ndiyo maana Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, wakarusha setilaiti kutoka hapo kuanzia mwaka 1967. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa hapo tarehe 12 Desemba 1970.

Kwa hiyo wekeni kituo chenu pwani ya Kenya, na sura ya kwanza iwe safari ya basi: Malaba, Nairobi, Mombasa, Malindi. Kituo cha mawasiliano ndicho kiwe Uganda. Na mwishoni mwa kitabu wekeni ukurasa mmoja wa mambo ya kweli kuhusu PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda. Ni mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ulirushwa Novemba 2022 kutoka Virginia, Marekani, ukaachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Desemba mwaka huohuo. Mtoto ashike rula apime mchemraba huo kwa karatasi ngumu.

MkutubiGulu

Mwalimu, naongezea upande wa lugha na wa kuazima.

Watoto wetu wengi wanajifunza Kiswahili wakiwa tayari na lugha nyingine nyumbani na Kiingereza darasani. Sentensi zisizidi maneno 12 mara nyingi. Mazungumzo yawe mengi, kwa sababu mistari mifupi humpa mtoto hisia kwamba anakwenda. Maneno mapya ya kitaalamu yasizidi sita kwa kitabu, na kila moja lijitokeze angalau mara nne katika hali tofauti. Faharasa nyuma haisomwi. Mhusika mmoja asiyejua aulize, mwingine ajibu kwa sentensi moja, basi.

Nakala zikiwa moja moja maktabani, kitabu cha 3 kikipotea mfululizo umekatika. Kila kitabu kimalize tatizo lake chenyewe. Nusu ukurasa wa kumbukumbu za nahodha mwanzoni unatosha kumweleza mgeni nani ni nani. Mashaka ya kumkata mtoto pumzi yakae mwisho wa sura, si mwisho wa kitabu. Mtoto aliyeachwa njia panda, halafu akasubiri mwezi mzima mwenzake arudishe kitabu kinachofuata, huhamia kwenye mpira.

MhaririWatoto

Hapo nakubali nusu, nnyabo. Tatizo la kitabu limalizike, ndiyo. Lakini pasipo swali lolote linalovuka, hamna mfululizo, mna vitabu sita tu. Acheni swali moja dogo: ishara ya redio isiyojulikana inatoka wapi? Kila kitabu kiongeze kipande kimoja cha jibu. Anayeanzia cha 4 hatapotea, na anayefuata tangu cha 1 atajiona anajua zaidi ya wengine. Fahari hiyo ndiyo inayomfanya amshawishi rafiki yake asome.

MkutubiGulu

Swali dogo nalipokea. Ila jibu kamili liwepo katika cha 6, lisiahirishwe kwa matumaini ya kuandika cha 7. Watoto hawasamehi hilo.

FundiChapa

Nitumie vipimo vya Nasser Road, mtaa wa wachapaji pale Kampala. Ukubwa A5, yaani A4 iliyokunjwa, kushonwa kwa pini mbili katikati. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne, chukueni 48. Toeni 4 za mwanzo na mwisho na 8 za picha nzima, zinabaki 36. Kwa herufi za pointi 13, ukurasa hubeba kama maneno 190, jumla 6,840. Hiyo ni sura 8 za maneno 850, na kila sura inasomeka kwa sauti kwa dakika nane au tisa, inafaa klabu. Fonti Andika ni ya bure na ilibuniwa kwa wanaojifunza kusoma.

Karatasi ya ndani gramu 80 kwa mita ya mraba, jalada gramu 250. Sasa, kosa la vitabu vya anga ni weusi. Mchoraji hujaza ukurasa mzima kwa usiku na nyota. Kwenye gramu 80 weusi huo huonekana upande wa pili, maandishi yakavurugika, na mashine ya dijitali hutoa mabaka. Ndani, anga ibaki nyeupe, nyota ziwe nukta nyeusi, kivuli kichorwe kwa mistari. Weusi uwekwe kwenye jalada tu, nalo lipakwe plastiki na lipigwe mstari wa kukunjia kwanza, la sivyo wino hupasuka kwenye mkunjo na mstari mweupe unatokea. Maandishi meupe juu ya jalada jeusi yawe manene, kwa sababu wino hutambaa na kumeza herufi nyembamba.

Picha za mistari zitumwe kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi. Ongezeni milimita 3 nje ya ukingo kwa ajili ya kukata, na maandishi yakae angalau milimita 12 kutoka ukingoni, maana zikikunjwa kurasa 48, za katikati husukumwa nje na kukatwa zaidi.

Kitabu cha pini hakina mgongo wa kuandikia. Namba ya kitabu iwekwe juu kulia kwenye jalada, kubwa, na orodha ya vyote sita nyuma. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Maktaba ya Taifa ya Uganda. Kila kitabu kinahitaji yake. Moja haitoshi kwa mfululizo.

MwalimuMbale

Tumechagua kurasa 48 na wahusika wanne. Swali la mwisho kwa FundiChapa: tuchape vyote sita kwa mkupuo ili kupunguza gharama?

FundiChapa

Hapana. Chapeni cha 1 na cha 2 pamoja kwa dijitali, nakala 50 za kila kimoja. Anayemaliza cha kwanza akute cha pili kipo, na ninyi muone wapi wanakwama kabla ya kuandika cha 4. Ofseti, yaani kuchapa kwa sahani za chuma, ina gharama ya sahani hizo, hulipa mkishapita nakala mia kadhaa. Mkifika hapo, pelekeni vyote sita siku moja, majalada yapangwe pamoja kwenye karatasi moja kubwa. Na kabla ya kulipa baki, ombeni nakala moja iliyokwisha kushonwa na kukatwa, si PDF. Ifungueni ukurasa wa 24 na 25 muone kama pini zimekaa katikati na kama kuna herufi iliyokatwa.