Potasiamu ya mtoto iko sawa kwenye damu, mbona bado anaongezewa?

mamaK_moshi: Habarini wapendwa. Mtoto wa mdogo wangu ana mwaka na nusu, kalazwa huku Moshi, miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, wamesema kwashakoo. Potasiamu imekuja 3.9 tukaambiwa iko sawa, ila wanasema F-75 anayopewa (maziwa maalum ya kutibu utapiamlo) yameongezwa potasiamu. Halafu HB (kipimo cha wingi wa damu) ni 8 na sirapu ya kuongeza damu wamegoma! Bibi yake tangu asubuhi anasaga bitiruti na rozela apeleke wodini. Daktari anapita fasta naogopa kuuliza.

nesi_mstaafu: Pole mama K. Hiyo 3.9 isikudanganye, potasiamu karibu yote inakaa ndani ya seli, kwenye damu ni kidogo mno, damu ni shelfu tu la dukani, stoo ndo imekauka. Mtoto wa utapiamlo mkali seli zake zinavujisha potasiamu na kuingiza sodiamu, ndo maana hata chumvi hawamwekei, na akiharisha hapewi ORS ya kawaida, kuna yake ina sodiamu kidogo na potasiamu nyingi. Na wasimjaze chakula siku za kwanza, akishiba ghafla fosfeti, potasiamu na magnesiamu zinakimbilia kwenye seli, kwenye damu zinashuka na moyo unaweza kugoma.

Kibosho_boy: Sasa si wampe ndizi tu jamani, Uchagani tunakosaje potasiamu 😂

nesi_mstaafu: @Kibosho_boy ndizi potasiamu inayo, ila mtoto anahitaji na zinki, hiyo ndo kiduchu. Hata uji wa lishe wa nafaka kumi tunaousifia, maganda yale yanabana zinki na chuma visifyonzwe vizuri. Dagaa na maziwa viwepo, akishapona lakini, sio leo.

mamaK_moshi: Asante dada. Na ya damu je?

nesi_mstaafu: Chuma mapema ni hatari, mwili wake haujaweza kuidhibiti na bakteria wanaipenda, maambukizi yanazidi. Wanasubiri hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda, mara nyingi wiki ya pili. Akihamia kwenye chakula dawa cha pakiti, chuma imo humo humo. Raundi ya kesho muulize daktari, ni haki yenu, usiogope.

mamaK_moshi: Sawa, na hii juisi nimwambieje bibi? Lita mbili!

Kibosho_boy: Anywe mama wa mtoto, naye atakuwa hajala tangu jana